Inkscape na mabango ya Hollywood ya kale: inang'ara kwenye kivuli, inakwama kwenye brashi

Kuna mabango ya namna mbili ambayo watu huyaita ya Hollywood ya zamani, na programu ikipimwa bila kuyatenganisha itaonewa au itapendelewa. Namna ya kwanza ni ya brashi: sura ya mwigizaji imepakwa rangi laini, mashavu yanameremeta, nywele zimechorwa uzi kwa uzi. Ya pili ni ya mkasi: maumbo bapa, rangi tatu au nne, nyeusi nzito, kivuli kimekatwa kama karatasi. Kwenye hii ya pili jina la kwanza kutajwa ni Saul Bass, mbunifu wa Kimarekani. Mkono uliokakamaa wa bango la sinema ya The Man with the Golden Arm (1955) na mwili uliokatwa vipande wa Anatomy of a Murder (1959) ni kazi zake, na wachoraji bado wanaziiga.

Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, ni ya mkasi. Anayetaka ya brashi asisumbuke nayo, achukue Krita, programu ya kupaka rangi, nayo ni ya bure. Yaliyobaki hapa ni kwa anayetaka kivuli.

Programu yenyewe haiuzwi. Ipo tangu 2003, leseni yake ni huria, na ikishasakinishwa haidai intaneti tena. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi anayehesabu bando, hilo si dogo: mmoja anaipakua, anaitia kwenye fleshi, na wenzake Mikindani au Masasi wanaisakinisha bila kuunguza hata MB moja. Tunayoyasema yanahusu matoleo ya 1.3 na 1.4. Yaliyo chini ya 1.0 yaacheni, vitu vingi vimehamishwa. Menyu kwa wengi zitatokea kwa Kiingereza, hivyo tutataja vifungo vya kibodi kuliko majina ya menyu.

Faida kubwa iko kwenye uzito. Bango la kawaida la kumbi za Marekani enzi hizo lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41. Ukilichora kwa pikseli, nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 8,100 kwa 12,300, yaani karibu milioni 100, na kila leya (tabaka la mchoro) iliyojaa itakula takriban MB 400 za kumbukumbu. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 itaanza kuhema kabla hujamaliza nywele. Kwenye vekta, yaani mchoro wa mistari na maumbo badala ya pikseli, bango lilelile lenye maumbo mia mbili ni faili la KB mia kadhaa tu, na kingo zake zinabaki kali, liwe la A4 au la kufunika ukuta wa mgahawa Shangani.

Ukurasa unaupanga kwa Shift+Ctrl+D. Usianze na inchi 27 kwa 41 wakati pa kulichapa hapo karibu ni printa ya A3. Anza na A3 yenyewe, mm 297 kwa 420, kisha chora fremu ya mm 263.4 kwa 400 na uiweke katikati. Uwiano ni uleule wa bango la sinema, na inabaki pambizo ya mm 10 juu na chini, karibu mm 17 kila ubavu. Pambizo hiyo nyeupe haina ubaya wowote. Mabango mengi ya zamani yalikuwa na mkanda mweupe kuzunguka picha, na printa za leza za steshenari haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Siku ukitaka ukubwa kamili, zidisha kila kitu kwa 2.6, basi.

Sasa picha ya kuanzia, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika kabla programu haijafunguliwa. Zile sinema za miaka ya 1940 ambazo Wafaransa walizipa jina la film noir ziliangazwa kwa taa moja kali ya pembeni, na ile ya kujazia ikapunguzwa sana au ikazimwa kabisa. Picha iliyopigwa Mtwara saa sita mchana ni kinyume chake: tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo na kivuli cha pua kinaangukia mdomoni. Piga kabla ya saa mbili asubuhi au kuanzia saa 11 jioni, mtu akiwa ameligeuzia jua shavu moja. Ndani ya nyumba, balbu moja usawa wa sikio, umbali wa mita moja na nusu, inatosha. Upande wa pili tundika kanga nyeusi au blanketi, maana ukuta uliopakwa chokaa unaurudisha mwanga na kukiua kivuli chote.

Ingiza picha kwa Ctrl+I, ichague, bonyeza Shift+Alt+B. Inkscape itaigeuza kuwa maumbo meusi na meupe kwa kipimo cha mwanga ambacho kinakuja kikiwa 0.45. Kila sehemu iliyo na mwanga chini ya kipimo hicho inakuwa nyeusi. Kwa uso mweupe wenye kivuli cheusi, jinsi waigizaji wa sinema zile walivyoangazwa, 0.45 inakaa vizuri. Ukimweka mtu wa Newala au Nachingwea kwa kipimo hichohicho, anatoka pande moja la nyeusi lenye meno na mboni. Wengi hapo huilaumu picha, wengine huupausha uso mpaka mtu hajijui. Shusha kipimo hadi kati ya 0.20 na 0.30, na kabla ya hapo badilisha namna ya kuufikiria uso: ngozi nyeusi inasomeka kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Kidole kimoja cha mafuta ya mgando kwenye mfupa wa shavu, mgongo wa pua na paji, kabla ya kupiga picha, kinaleta mistari ya mwanga ambayo programu itaikamata bila ubishi.

Kisha geuza mpangilio wa kuchora. Kwa uso mweupe unaweka vipande vyeusi juu ya rangi ya krimu. Kwa uso wetu, anza na umbo zima jeusi la kichwa, shingo na mabega, halafu juu yake weka vipande vya mwanga. Kumi au kumi na viwili vinatosha: cha paji, kirefu kama jani la mwembe, cha mgongo wa pua, chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye nukta moja pale puani, pembetatu ya shavu ambayo ncha yake inaelekea kwenye kona ya mdomo, utepe wa ukope wa juu, punje ya mdomo wa chini, ukingo wa sikio, mstari wa shingo unaoshuka hadi kola. Mwisho kabisa, nukta nyeupe ndani ya jicho, kipenyo kisichozidi mm 1.5 kwenye A3. Bila nukta hiyo uso unakuwa kinyago. Na kwa kuwa kinyago kimetajwa: mtu aliyezoea vinyago vya Kimakonde anajua tayari kwamba umbo zuri linatambulika kwa mzunguko wake, hata likiwekwa dhidi ya dirisha na usione ndani yake chochote. Lijaribu bango lako vivyo hivyo. Jaza kila kitu nyeusi na uulize kama bado inajulikana ni nani na anafanya nini.

Maumbo yanayotolewa na Shift+Alt+B yasitumike yalivyo. Yana nodi (vituo vinavyoshikilia mstari) mamia, kingo zake zinajipindapinda kama mwandiko wa mtu mwenye homa, na macho ya mtazamaji yanang'amua mara moja kwamba ni kazi ya mashine. Yafanye kuwa ramani tu: shusha uonekano hadi asilimia 30, funga leya, fungua leya mpya juu yake, na uchore upya kwa kalamu (kifungo B) ukibofya mistari iliyonyooka, kama unayekata kwa mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Kupinda kuwe kwa nadra. Ukimaliza umbo, bonyeza N kisha Ctrl+A, na chini ya dirisha utasomewa idadi ya nodi. Kipande cha shavu kisizidi nodi 8. Uso mzima ukipita 120, kuna sehemu umeogopa kuamua mwanga unaishia wapi. Kuna njia ya mkato, Ctrl+L, inayopunguza nodi yenyewe. Tatizo lake ni kwamba inalainisha kona, na kona ndizo zinazofanya kazi hii ionekane imekatwa.

Kivuli cha dirisha ni alama nyingine ya sinema zile: michirizi ya mwanga ikipita juu ya uso na ukuta. Wanaoanza hupanga mistari iliyonyooka na kuiweka juu ya kila kitu, na mtu wao anaonekana yuko selo. Mchirizi lazima ujue unapita juu ya nini. Ukutani unanyooka, kwenye kona ya ukuta unavunjika kwa pembe, kwenye shavu unapinda kufuata duara, kwenye tundu la jicho unazama kidogo. Katakata mstari pale umbo linapobadilika, kisha sogeza nodi moja moja.

Na kwa nini iwe mapazia ya Los Angeles? Nyumba nyingi za huku zina madirisha ya luva, na vibaraza vina matofali ya matundu ambayo jua la jioni linachora sakafuni vivuli vya kupendeza kuliko pazia lolote. Chora tundu moja, lizalishe kwa Alt+D badala ya Ctrl+D, na ulipange kwa Shift+Ctrl+A. Alt+D inatengeneza nakala zinazomtii mama yao: ukibadilisha tofali la kwanza, yote arobaini yanabadilika. Ukisharidhika, yaunganishe kuwa umbo moja ndipo uyalaze kuwa kivuli.

Rangi zisizidi nne. Krimu #F2E6C9 (yenye # ni msimbo wa rangi), nyekundu ya kutu #C8321F, haradali #D9A21B na nyeusi zinakupeleka karibu kabisa na mabango ya miaka ya 1950. Maumbo yanayopakana yasigusane ukingo kwa ukingo. Inkscape, kama programu nyingine za vekta, huacha uzi mweupe mwembamba kati ya maumbo mawili yaliyobanana, na uzi huo hupenya hadi kwenye karatasi. Ruhusu umbo la chini liingie chini ya la juu kwa mm 0.5. Nyeusi iwe juu ya rangi inazopakana nazo, wala usiitobolee nafasi, isipokuwa ile ya uso inayobeba vipande vya mwanga.

Maandishi yanastahili lawama kidogo. Majina ya sinema za zamani yalichorwa kwa mkono, na Inkscape inakupa fonti tu. League Gothic, iliyofufuliwa kutokana na herufi za Morris Fuller Benton za 1903, ni ya bure na inafaa kwa majina marefu. Limelight inafaa kwa mtindo wa miaka ya 1930. Kiswahili kina mtego wake hapa: irabu zinajirudia mno. Chukua jina la kubuni, KIVULI CHA SHANGANI. Herufi A zipo tatu, I tatu, N mbili, zote mapacha, na mtu anajua ni fonti kabla hajamaliza kusoma. Geuza maandishi kuwa maumbo (Shift+Ctrl+C), kisha vuta nodi mbili tatu za kila A ili moja iwe na mguu mrefu, nyingine kilele kilichokatwa mshazari. Dakika kumi tu. Jina lenye ng' linaacha pengo kama jino lililong'oka kwenye herufi kubwa. Kabla ya kuligeuza kuwa umbo, weka kishale baada ya alama ile na ubonyeze Alt na mshale wa kushoto mpaka pengo lizibe.

Hifadhi nakala yenye maandishi hai pembeni. Yakishakuwa maumbo, kosa la herufi moja halisahihishwi tena kwa kibodi. Kwenye kadi za mchango zenye sura ya bango la sinema, ambazo siku hizi bwana harusi anasimama na kofia iliyoficha jicho kama jasusi, kukosea jina la mjomba ni kesi ya ukoo.

Sasa udhaifu halisi. Inkscape inafanya kazi kwa RGB, rangi za skrini (nyekundu, kijani, buluu), na faili la PDF linalotoka ni la RGB. Printa inatumia samawati, majenta, njano na nyeusi, hivyo tafsiri inafanyika dukani, kwenye kompyuta usiyoijua. Nyekundu ya kutu na haradali husafiri salama. Buluu ya umeme na chungwa kali hufika zimechoka. Kosa la pili la programu ni ukungu. Ukitumia ulainishaji wa kingo kwa ajili ya moshi wa sigara au mwanga wa taa ya barabarani, PDF itaugeuza kuwa pikseli kwa nukta 96 kwa inchi, na kwenye karatasi moshi utatoka kama ngazi. Kwenye dirisha la kuhifadhi PDF kuna namba hiyo. Ipandishe hadi 300, na hapohapo chagua maandishi yageuzwe kuwa maumbo. Ukungu mwingi pia unaifanya programu kuwa nzito kupita kiasi, na hilo ni kero ya kweli kwenye kompyuta ndogo. Moshi uliokatwa vipande bapa vitatu, kila kimoja na uonekano wake, ni mwepesi na unaendana zaidi na mtindo.

Usipeleke dukani faili la SVG, lile ambalo Inkscape huhifadhi yenyewe. Mafundi wengi wanatumia CorelDRAW au Photoshop, na humo vipimo vinaweza kuhama na ukungu ukapotea. Peleka PDF na nakala ya PNG (picha ya pikseli) ya nukta 300, ambayo kwa A3 ni takriban pikseli 3,508 kwa 4,961. PNG ndiyo shahidi: ikitokea PDF imefunguka vibaya, fundi anaona ilipaswa kuwaje.

Nyeusi ndiyo mtihani wa duka. Kwenye leza iliyochoka, eneo kubwa jeusi linatoka na michirizi ya kijivu kwa urefu wa karatasi. Tengeneza kipande cha majaribio cha A4: miraba mitano ya nyeusi kuanzia #000000 hadi #2A2420, mkanda wa kila rangi, na mstari mmoja wa maandishi madogo. "Kaka, nipigie kwanza hiki," inatosha, na fundi mzuri hakasiriki. Chagua mraba uliotoka sawasawa na utumie nyeusi hiyo bango zima. Karatasi ya gramu 80 isahau. Nyeusi nyingi na joto la leza vinaikausha upande mmoja, inajikunja kama jani la mgomba. Gramu 150 hadi 200 inakaa, ikipitishwa trei ya pembeni. Unyevu wa pwani nao unaingia kwenye rimu iliyoachwa wazi, karatasi inakwama au tona (unga wa rangi wa printa) inashika mabakabaka. Omba itolewe kwenye rimu iliyofunguliwa siku hiyohiyo.

Fleksi, lile turubai la plastiki la kuchapia, ni kwa nje na kwa mbali. Maandishi ya chini, ile orodha ya majina yaliyobanana, yakiwa chini ya mm 5 yatavimba na kushikana.

Kuna wanaotaka bango lionekane la kale kwa kuongeza chembechembe, madoa na mikunjo. Ni kweli mabango yale yalikunjwa vipande vinane kabla ya kutumwa kwenye kumbi. Lakini mkunjo wa kuchora ni sawa na kinyago cha jana kilichopakwa rangi ya viatu ili mgeni adhani ni cha babu. Tumia karatasi ya rangi ya maziwa ukitaka joto la zamani, inatosha.

Kwa anayeuza kazi: mtindo haumilikiwi na mtu, lakini bango fulani, picha fulani ya tukio na nembo ya studio vina wenyewe. Nchini tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo inayoisimamia. Sinema za Marekani zilizotolewa 1929 kurudi nyuma ziko huru kule kwao. Za baadaye nyingi bado zina ulinzi. Mchore mtu wa Mikindani chini ya taa ya Mikindani na hutadaiwa na yeyote, ilimradi mwenye sura amekubali.

Umeme ukikatika, Inkscape ina hifadhi ya kujiendesha, ila muda unaokuja nao ni dakika 10. Kwenye Shift+Ctrl+P ushushe hadi 2, hasa kama betri ya kompyuta imezeeka. Kazi ya umbo moja la uso ni dakika tano. Usikubali kuirudia mara mbili.

Kwa mabango ya kivuli tunaipa nne kati ya tano, na ile moja imepotea kwenye rangi za uchapaji na uzito wa ukungu. Kwa ya brashi, moja na nusu.

Likishachapwa, lisafirishwe ndani ya kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, picha ikitazama nje ili tona isivunjike kwa kubanwa ndani. Kwenye fremu, kioo kisigusane na karatasi. Na kama linatundikwa kwenye nyumba ya mawe na chokaa, zile za Mikindani au Lindi mjini, ukuta unapumua maji msimu wa masika. Gundisha vipande viwili vya kandambili chakavu nyuma ya fremu, pembe za chini, ili hewa ipite kati yake na ukuta.